Bomba la kushoto limekataa kukaa: nimruhusu fundi alitie moto?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Tanga. Marehemu babu aliniachia pikipiki, Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1970 na nimeanza kuifufua kidogo kidogo. Mabomba ya ekzosi yalikuwa yameliwa na kutu, nikaagiza jozi mpya kutoka Uingereza. La kulia limekaa vizuri kabisa. La kushoto limegoma: sailensa yake iko juu kuliko ya kulia kwa kama sentimita 2, bomba lenyewe linagusa pedali ya breki, na kile kibomba kifupi kinachounganisha mabomba mawili mbele ya injini hakiingii. Fundi wangu anasema tulipashe kwa gesi tulikunje kidogo, au tutie bolti ndefu nyuma tukaze, litavutika lenyewe. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kutoiacha pikipiki ya babu ifie uani. Usifuate hata moja. Mwambie fundi wako aizime gesi, na ile bolti ndefu airudishe kwenye kopo lake. Simdharau. Njia zote mbili zimeokoa pikipiki nyingi za kazi zilizotakiwa kurudi barabarani siku ileile. Lakini kwenye T120 zitakugharimu silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, na hedi hiyo hutaipata dukani Tanga wala Dar es Salaam.

Bomba la ekzosi lililo sawa hukaa mahali pake kabla hujakaza bolti hata moja. Kazi ya bolti ni kulizuia lisiondoke pale lilipo. Bolti ikianza kulivuta bomba kulipeleka lisikotaka, ujue nguvu ile haipotei. Inabaki ndani ya chuma mchana na usiku, na injini ikiwaka inaongezewa mtikisiko. T120 ni injini ya silinda mbili ambazo pistoni zake hupanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo mtikisiko si wa kuomba. Kitu kilichofungwa kwa kuvutwa kitatafuta pa kupasukia.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Miaka mingi iliyopita nilifunga sailensa ya pikipiki ya namna hii ambayo tundu lake lilikuwa limepishana na tundu la fremu kwa upana wa kidole kidogo. Nikachomeka bisibisi kwenye matundu, nikavuta, nikapenyeza bolti, nikakaza. Ilipendeza machoni. Baada ya wiki chache bano la sailensa lilikatika njiani, sailensa ikaning'inia kwa bomba peke yake. Uzito wote ule ukawa unapigapiga kule mbele kwenye shingo ya hedi, na nilipofika nyumbani shingo ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Bano nililichomelea kwa nusu saa. Uzi wa hedi, yaani mikato ya skrubu inayoishika shingo, ulinichukua miezi.

Hiyo shingo ndiyo ya kuielewa kwanza. Kwenye T120 bomba haliingii ndani ya hedi wala halifungwi kwa stadi mbili (bolti zisizo na kichwa) na gasketi kama kwenye Honda nyingi. Kuna kipande kifupi cha bomba la chuma kilichofungwa kwa uzi ndani ya hedi ya alumini, nacho kimechomoza nje. Bomba la ekzosi linavishwa juu yake, kisha klampu yenye mapezi inalibana. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 40, joto likipanda kwa nyuzi 200, hupanuka kuzidi kipande cha chuma kilichomo kwa karibu milimita 0.09. Ukiitazama namba hiyo utaiona ndogo, lakini uzi unaisikia. Kila ukiendesha, shingo inalegea kidogo. Kila ikipoa, inabanwa tena. Ikiwa juu yake kuna bomba linalovuta kwenda pembeni, uzi wa alumini unasagika mpaka shingo inatoka mkononi.

Sasa tuje kwenye bomba lako. Umenipa dalili tatu, na ya kibomba cha kati ndiyo iliyonisaidia zaidi. Kibomba kile kiko juu, karibu na hedi. Kosa lingekuwa nyuma, kwenye bano la sailensa, kibomba kingeingia bila taabu na ugomvi ungeanzia nyuma. Kwa kuwa kinagoma, kuna kitu kimekaa vibaya huku mbele: ama shingo, ama mdomo wa bomba haujafika mwisho, ama kona ya kwanza ya bomba imepindwa vibaya kiwandani. Halafu piga hesabu hii. Kitu kikigeuka kwa nyuzi 1 tu mahali kinapoanzia, mita 1 mbele kitakuwa kimehama milimita 17. Sentimita zako 2 kule kwenye sailensa zinaweza kuwa kosa la nyuzi 1 na kidogo kule kwenye shingo, kosa ambalo jicho haliwezi kuliona. Kwa hiyo usilihukumu bomba kwa kutazama sailensa.

Kabla ya yote, hakikisha ni mabomba ya pikipiki yako. Kibomba cha kati kilianza na pikipiki za mwaka 1969, na kuanzia za mwaka 1971 Triumph walibadili fremu nzima, wakaifanya iwe ndiyo tangi la oili. Yako ya 1970 iko katikati ya mabadiliko hayo mawili, na mabomba ya upande huu na upande ule hufanana sana yakiwa kwenye karatasi ya kufungia. Nimewahi kuona jozi iliyouzwa kama jozi, kumbe kila bomba na mwaka wake. Yalaze yote mawili sakafuni, migongo ikitazamana, kama viatu vya mguu wa kulia na wa kushoto. Kona zote zilingane, na vidomo vya kibomba cha kati vitazamane sawasawa.

Natumaini hujatupa yale ya zamani. Hata kama yametoboka kwa kutu, hizo ndizo ramani zako. Bomba la kushoto la zamani lilikaa pale miaka yote ya babu, kwa hiyo lilaze jipya juu yake, uone linaachana nalo wapi. Likianza kuachana kwenye kona ya kwanza, jipya ndilo lenye kosa. Likifuatana nalo mpaka mwisho, kosa liko kwenye pikipiki, na bomba umelionea bure.

Kisha shika shingo ya kushoto kwa mkono, injini ikiwa baridi, uisukume juu na chini, uizungushe. Isicheze hata kidogo. Ikicheza, simamisha kila kitu hapo. Bomba lolote utakaloweka litavuja na litahama. Ikiwa imara, chukua kalamu ya wino. Vua bomba la kulia, ambalo unasema linakaa vizuri, uujaribu mdomo wake kwenye shingo ya kushoto. Usijali kwamba linaelekea upande usio wake, unapima kina tu. Weka alama pale lilipofika. Vua, vika la kushoto, weka alama nyingine. Kama la kushoto linaishia milimita 5 au 6 kabla ya la kulia, umeshampata mwizi: mdomo wake ni mwembamba, au ndani yake kuna tone la kromu au ukingo wa kukatia uliobaki. Bomba lisilofika mwisho linakaa mbele kuliko mwenzake, kibomba cha kati hakiwezi kulipata, na nyuma kila kitu kinakaa upande. Dawa yake ni msasa uliozungushiwa kijiti, unaosugua ndani ya mdomo polepole, ukijaribu kila mara. Bomba lipande kwa kusukumwa na mikono miwili huku ukilizungusha kidogo kushoto na kulia. Likihitaji nyundo nzito, bado. Likiingia kwa uzito wake lenyewe, limelegea mno.

Shingo nayo isafishe. Masizi ya zamani na grisi iliyokauka huwa na unene wa kutosha kabisa kulizuia bomba. Sugua mpaka uone chuma kinang'aa, halafu paka grisi ya shaba safu nyembamba sana. Watu wengine hupaka gundi ya ekzosi inayokauka ikawa ngumu kama saruji. Mimi siitumii kwenye T120, na sababu nitaieleza mwishoni.

Pedali ya breki ni kesi ya peke yake, na hapa nina mashaka kwamba bomba linasingiziwa. Kwenye Triumph za miaka hiyo breki ya nyuma iko mguu wa kushoto na gia iko mguu wa kulia. Pikipiki iliyoishi miaka 50 imeshaanguka, na mara nyingi huanguka upande wa stendi ndogo, yaani kushoto. Ikianguka, kikanyagio na pedali ndivyo vinavyopokea uzito. Simama nyuma ya pikipiki, ichuchumalie, tazama vikanyagio viwili kama unayelenga shabaha. Kama cha kushoto kimerudi nyuma au kimeinuka, au pedali imeingia ndani kuelekea injini, inyooshwe hiyo. Ivue kwanza, ifungwe kwenye jiriwa, ndiyo inyooshwe. Isinyooshwe ikiwa bado kwenye fremu.

Injini nayo iwe imekaa. Nimeona watu wakifunga ekzosi huku bolti za injini zimeshikwa kwa vidole tu na vile vishikizo vya kuunganisha hedi na fremu bado viko mezani. Siku wanapokaza injini inahama kidogo, na ekzosi yote inakuwa kazi ya kurudia. Kaza injini kwanza.

Ukishayamaliza hayo, kufunga kwenyewe ni kazi ya saa moja, tena ya raha. Pikipiki iwe juu ya stendi kubwa, kwenye sakafu iliyo sawa. Weka pima maji chini kwanza ujue sakafu yako inasema nini. Vika klampu zenye mapezi kwenye midomo ya mabomba mapema, kwa sababu baadaye hazipiti. Chomeka kibomba cha kati kwenye bomba moja, klipu zake zikiwa zimelegea kabisa. Sasa leta mabomba yote mawili kwenye shingo zake kwa pamoja. Usilipeleke moja mpaka mwisho halafu uanze la pili, kibomba cha kati hakitakuruhusu. Sogeza la kulia kidogo, la kushoto kidogo, rudi la kulia, huku mtu wa pili akikiongoza kibomba. Nyundo ya mpira au ya ngozi inaruhusiwa kugonga pole pole kwenye kona ya kwanza, kufuata mstari wa shingo.

Yakifika, acha kila kitu kimelegea. Weka bolti ya bano la mbele, lile linaloshika bomba chini mbele ya injini, kwa vidole tu. Vika sailensa, weka bolti zake kwa vidole. Halafu keti chini. Pikipiki yote imefungwa na hakuna kilichokazwa, hapo ndipo unapopata ukweli. Funga uzi wa timazi kwenye bolti ya juu ya shokapu ya kushoto, uache uning'inie, upime kutoka kwenye uzi mpaka kwenye sailensa. Fanya vivyo hivyo kulia. Kisha laza ubao mnyoofu chini ya sailensa zote mbili, uweke pima maji juu yake. Usipime kwa ekseli ya gurudumu la nyuma, hiyo huhama kila ukikaza cheni. Tofauti ya milimita 3 au 4 mimi naikubali bila kinyongo; hata zilipotoka kiwandani Meriden hazikuwa zimepimwa kwa darubini. Sogeza kwa mkono mpaka uridhike.

Matundu yasipolingana hapa, rekebisha bano, usiliguse bomba. Weka washa ya kujazia upande wenye nafasi, au chukua tupa urefushe tundu la bano kidogo. Bano ni kipande cha bati nene, kikiharibika unatengeneza kingine jioni ileile.

Kisha kaza kuanzia mbele kwenda nyuma: klampu za mapezi, klipu za kibomba cha kati, bano la chini mbele ya injini, klipu ya sailensa, na mwisho kabisa bolti ya nyuma ya sailensa. Angalia klampu ya mapezi ikikazwa. Ncha zake mbili zisigusane. Zikigusana na bomba bado linazunguka, kukaza zaidi kutaikata klampu tu. Tia ukanda mwembamba wa shaba nyeupe kati ya bomba na klampu, au kati ya shingo na bomba kama pengo liko ndani. Ukimaliza, fanya jaribio ninalolifanya kwa kila ekzosi: fungua bolti ya nyuma kabisa uichomoe kwa vidole. Ikitoka laini na sailensa ikabaki pale pale, umefunga vizuri. Sailensa ikiruka hata milimita chache, legeza vyote uanze upya, maana ulichofunga ni upinde uliovutwa.

Neno moja kuhusu bolti, kwa sababu najua kopo la fundi wako limejaa bolti za milimita. Bolti nyingi za mahali hapa ni za inchi 5/16, ambazo unene wake ni milimita 7.94. Bolti ya M8 ina milimita 8, kwa hiyo inaonekana ni ileile. Siyo. Uzi wa M8 unapanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko, wa UNF (uzi mwembamba wa kipimo cha inchi) wa inchi 5/16 unapanda karibu milimita 1.06, na ule wa zamani wa Kiingereza wenye nyuzi 26 kwa inchi unapanda chini ya milimita 1. Bolti ngeni itaingia mizunguko miwili kwa upole, wa tatu itaanza kula. Jaribu kila bolti kwa vidole mpaka mwisho kabla spana haijaigusa.

Kabla ya kuwasha, futa mabomba yote kwa kitambaa safi chenye spiriti. Alama za vidole na matone ya oili hupikwa kwenye kromu siku ya kwanza, na hazitoki tena. Usiiache injini inguruke mahali pamoja kwa dakika 15 huku mnaipiga picha. Bila upepo, bomba karibu na hedi litageuka rangi ya dhahabu, kisha buluu. Iwashe, sikiliza dakika 2, panda uende.

Kwenye safari hiyo sikiliza unapoachia mafuta. Mlipuko wa pa-pa-pa kwenye sailensa mara nyingi maana yake hewa inapenya pale bomba linapokutana na shingo, au kwenye kibomba cha kati. Na buluu ikija haraka upande mmoja tu, kromu haina kosa. Kabureta ya upande ule inatoa mafuta machache, au moto wa plagi unachelewa, au kuna hewa inayoingia. Kwa mtu wa Tanga naongeza hili: kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji, yakiwa mvuke. Ukiwasha dakika 5 na kuzima, mvuke huo unageuka maji ndani ya sailensa na kulala humo, na hewa yenu ya chumvi inashughulikia nje. Hivyo ndivyo ya babu yalivyooza. Ukiiwasha, iendeshe angalau mpaka sailensa yote ipate moto hadi mkiani.

Baada ya kilomita 50 iache ipoe kabisa, halafu pitia klampu zote tena. Zitakuwa zimelegea kidogo.

Nilikuahidi sababu ya kutotumia gundi ngumu. Siku utakapotaka kufungua kifuniko cha kushoto cha injini, ufike kwenye klachi na cheni ya ndani, bomba la kushoto lazima livuliwe kwanza. Ndivyo pikipiki hii ilivyoundwa, na klachi ya T120 itakuita mapema au baadaye. Bomba lililogandishwa kwa gundi linatoka kwa kupigwa, na anayepigwa ni ile shingo tuliyoihurumia tangu mwanzo.

Na ukilaza mabomba sakafuni ukakuta kweli jipya ndilo lililopindwa vibaya, bado usilitie moto. Kromu ikipashwa mpaka chuma kikubali kukunjwa inabadilika rangi na kubanduka, na ikichomelewa hutoa moshi wenye sumu. Lipige picha likiwa limelazwa juu ya la zamani, rula ikiwa kando yake ionyeshe pengo, uitume kwa aliyekuuzia kabla bomba halijapata hata tone la masizi. Likishaonja moto wa injini, hatalipokea tena.